Kutia rangi rezini angavu kwa ndani: taa ya pono hatua kwa hatua

Rangi ikipakwa juu ya rezini angavu, yaani plastiki ya uoevu ambayo printa ya 3D huigandisha kwa mwanga, jicho huishia kwenye rangi. Ikitiwa ndani, jicho hupenya kwanza ukuta unaong'aa ndipo likutane na rangi, na umbo hupata kina ambacho brashi ya nje haiwezi kukupa. Faida ya pili ni ya kila siku: rangi haiguswi. Taa ya kitandani hushikwa na watoto, hufutwa vumbi, huangushwa. Rangi ya nje huanza kubanduka kwenye mapezi na mkia, lakini ya ndani inalindwa na ukuta mzima. Wateja huniuliza hilo hata kabla ya bei. "Mwanangu, haitabanduka hii?" mama mmoja wa Makadara aliniuliza huku akikwaruza kwa ukucha. "La, mama, rangi iko tumboni. Mfute utakavyo."

Mwongozo huu unafuata kazi moja: samaki pono wa urefu wa sentimita 12 hivi, mtupu ndani, aliyechapwa kwa rezini angavu, atakayewekewa taa ndogo ya LED chumbani kwa mtoto. Pono nimemchagua kwa sababu mbili. Waswahili tunasema mtu amelala usingizi wa pono, kwa hivyo taa ya usiku haikosi jina. Tena pono wengi, hasa madume, wana rangi za kumpa fundi kazi: kijani cha bahari kinachoingia kwenye buluu, na waridi kwenye kingo za mapezi na pembeni mwa mdomo. Ukiweza kuunganisha rangi hizo bila michirizi, maumbo mengine mengi utayamudu.

Jambo moja nalisisitiza mapema kwa kuwa ndilo linaloharibu kazi za wengi. Kutia rangi ni sehemu fupi. Sehemu ndefu ni kuhakikisha tumbo la samaki ni safi na limeganda kabisa kabla tone la kwanza la rangi halijaingia. Rezini mbichi iliyofichika ndani yaweza kukaa kimya wiki kadhaa, kisha ikapasua ukuta na kuanza kuvuja, na rangi yote ikaharibika nayo.

Kuandaa faili

Fungua umbo kwenye programu inayoligawa matabaka ya kuchapwa, Chitubox au Lychee, na uliamuru liwe tupu ndani. Unene wa ukuta uwe milimita 2. Chini ya 1.5 samaki huwa dhaifu, na zaidi ya 3 mwanga hupungua na umanjano wa rezini yenyewe huanza kuonekana. Programu ikikuuliza kama unataka kujaza wavu ndani, kataa. Kwenye rezini ya kijivu wavu haudhuru kitu, lakini hapa kila uzi wake utaonekana taa ikiwashwa. Nguzo za kushikilia umbo nazo zisiingie tumboni. Mwinamishe samaki mpaka programu isione haja ya kuziweka humo.

Sehemu nyembamba zina siri yake. Pezi lenye unene wa milimita 3 haliwezi kuwa na uwazi ndani kama kila ukuta ni milimita 2, kwa hivyo litachapwa likiwa zima na rangi haitalifikia. Usihangaike kulinenepesha. Mwanga ukipita kwenye rangi iliyo kwenye shina la pezi, husafiri ndani ya pezi na kutokea kingoni, na ukingo wote hung'aa kwa rangi ile. Kwa hivyo waridi yetu tutaiweka kwenye mashina.

Toboa matundu mawili. Moja la milimita 8 hadi 10 chini ya tumbo, ndilo la kupitishia rangi na taa. Lingine la milimita 3, mbali na la kwanza, nimezoea kuliweka mdomoni, maana pono ana mdomo kama wa kasuku na tundu hujificha vizuri pale. Tundu moja halitoshi, kwa sababu uoevu hautoki vizuri kama hewa haina pa kuingilia. Hata printa yenyewe inayahitaji. Umbo huchapwa likining'inia kichwa chini kwenye sahani ya printa, na tumbo tupu lisilo na pa kupumulia hunyonyana na filamu ya chini ya trei ya rezini kila sahani inapopanda, mpaka ukuta ukapasuka. Hakikisha tundu mojawapo liko upande unaochapwa mwanzo, karibu na sahani.

Matabaka ya milimita 0.05 yanatosha, na 0.03 hupunguza mistari ukiwa na subira. Tahadhari ya hapa kwetu Mombasa ni stima. Ikikatika katikati ya kazi, baadhi ya printa zitaendelea pale zilipoishia, lakini mahali iliposimama hubaki mstari unaouzunguka mwili, na taa ikiwashwa mstari huo ndio wa kwanza kuonekana. Kama una UPS, yaani betri ya kushikilia umeme unapokatika, siku ya kuchapa taa ndiyo siku yake.

Kuosha tumbo

Vaa glavu za nitrili. Rezini mbichi huwasha ngozi, na mtu akiigusa mara kwa mara aweza kupata mzio usiomtoka tena. Fungua madirisha, washa feni inayotoa hewa nje, na usiwe karibu na jiko la aina yoyote, kwani alkoholi ya kuoshea hushika moto upesi.

Acha samaki aning'inie juu ya printa, tundu likiangalia chini, mpaka asidondoke tena. Kisha andaa vyombo viwili vya alkoholi ya aisopropili, ya asilimia 90 au zaidi: cha kwanza cha kutoa uchafu, cha pili kisafi. Osha nje kama kawaida. Kwa ndani, chukua bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe, ulichomeke mrija laini wa plastiki. Piga alkoholi kwa nguvu kupitia tundu kubwa, ukielekeza mrija mkiani, kichwani, kwenye mashina ya mapezi. Ziba matundu kwa vidole, tikisa, mwaga. Rudia mpaka kinachotoka kiwe kama kilivyoingia. Ukisugua tone lake kati ya vidole vya glavu na bado linateleza, endelea.

Usimloweke. Dakika chache kila chombo zinatosha. Rezini angavu ikikaa sana kwenye alkoholi huinyonya, na baadaye huwa nyeupe au hupasuka. Ukitumia rezini ya kuoshwa kwa maji, utaratibu ni huohuo, ila maji hayo nayo ni sumu, na nitayarudia mwishoni.

Baada ya kuosha, kausha mpaka ndani. Pampu ya baiskeli yenye mrija hufanya kazi nzuri sana. Alkoholi iliyobaki kwenye kona huacha wingu jeupe pindi mwanga wa urujuanimno (UV) unapoigusa, na wingu hilo halitoki. Mwinue kwenye dirisha na umtazame kwa ndani: ukiona sehemu inayong'aa kama imelowa, bado.

Kumkomaza ndani na nje

Printa hizi hugandisha rezini kwa mwanga wa nanomita 405, na umbo linalotoka huwa halijakomaa. Mombasa tuko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua letu lina UV ya kutosha kabisa kumkomaza samaki bila mashine. Hapo pia ndipo penye hatari, kwa sababu rezini angavu ikichomwa kupita kiasi hugeuka manjano, na ukuta wa manjano hugeuza buluu yako kuwa kijani.

Ninavyofanya ni hivi. Najaza tumbo maji safi, nayaziba matundu kwa plastisini, kisha namzamisha samaki mzima kwenye chupa pana ya kioo yenye maji. Maji yana kazi. Oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu kabisa la rezini lisigande, ndiyo maana maumbo mengi hubaki na ule unato kidoleni. Maji huitenga hewa huku yakipitisha mwanga. Naiweka chupa juani saa nne asubuhi, dakika 5 hadi 10 kila upande, nikimgeuza. Jua la adhuhuri huhitaji muda mfupi zaidi.

Rezini angavu hupitisha mwanga kiasi mpaka ndani, lakini kona za mkiani na nyuma ya mashina ya mapezi hukosa. Kwa hizo tengeneza taa ndogo: LED ya nanomita 405 ya milimita 3 au 5, rezista ya omu 100, na chaja ya simu ya volti 5. LED hiyo hutumia volti 3.2 hivi, kwa hivyo mkondo utakuwa karibu miliampea 18, ambao ni salama kwake. Ipitishe tundu la tumboni na umwache samaki saa moja, ukiisogeza kila baada ya muda. Usiitazame kwa macho.

Kabla ya kuendelea, ingiza pamba ya masikio na uipitishe kwenye kuta za ndani. Ikinata, ikiacha nyuzi, au ikitoka na harufu ya rezini, rudi kwenye maji na mwanga. Kazi hii lazima iishe sasa, kwa sababu rangi ikishaingia itazuia UV isifike ukutani.

Msasa wa nje

Ziba matundu na umsugue kwa msasa wa maji: 400, 800, 1500, 2000. Atakuwa mweupe kama barafu na utadhani umemharibu. Mmwagie maji. Vile anavyoonekana akiwa amelowa ndivyo atakavyokuwa baada ya vanishi, kwa sababu maji hujaza mikwaruzo inayotawanya mwanga, na vanishi hufanya vivyo hivyo. Mistari inayoonekana akiwa amelowa maji, hiyo ndiyo ya kurudia kusugua. Magamba usiyamalize, yaache yashike mwanga.

Rangi gani

Wino wa alkoholi ni angavu mno na hukauka upesi. Lakini ukimimina wino wa pili, alkoholi yake huyeyusha wa kwanza, na rangi zake nyingi hufifia zikikaa dirishani. Nautumia kwa umbo la rangi moja tu.

Rangi angavu ya kioo, ile ya kuchorea vioo, ndiyo namshauri anayeanza. Hutambaa vizuri na haihitaji mwanga wa kuigandisha. Ubaya wake ni kwamba tumboni hakuna upepo, kwa hivyo hukawia kukauka, hasa ile ya maji na hasa wakati wa masika.

Kwa pono natumia rezini yenyewe iliyotiwa rangi, na sioni kinachoishinda. Inashikana na ukuta kwa kuwa ni kitu kimoja nao, haiyeyushwi na koti linalofuata, na hujaza mistari ya matabaka kwa ndani. Utaona koti la kwanza likimfanya samaki awe angavu zaidi ya alivyokuwa bila rangi. Chukua mililita 10 za rezini ileile uliyochapia, tia matone mawili au matatu ya wino wa alkoholi au rangi angavu ya rezini, koroga taratibu, uache wazi gizani ili alkoholi iondoke. Wino mwingi huzuia rezini isigande.

Usiihukumu rangi ikiwa kikombeni. Humo ni nzito, ukutani itakuwa utando mwembamba sana. Paka kwenye kipande cha rezini angavu kilichobaki, kigandishe, kisha kiinue mbele ya taa utakayoitumia. Karatasi nyeupe inadanganya. Rangi nzuri ya majaribio ni ile inayoonekana hafifu kidogo, maana koti la pili lipo, ila la kupunguza halipo.

Kumimina

Fanya kazi hii mbali na dirisha la jua, la sivyo kikombe kitaganda mikononi mwako.

Utaratibu wa ndani ni kinyume cha nje. Kinachotangulia kuingia ndicho kitakachokuwa mbele ya macho, kwa hivyo madoido huanza na rangi pana hufuata. Kwa kuwa rangi zetu zote ni angavu, zinachanganyika machoni: waridi yenye buluu nyuma yake itaonekana zambarau. Panga mapema wapi unataka hivyo na wapi hutaki.

Anza na waridi. Kwa bomba na mrija mwembamba, weka tone moja moja kwenye mashina ya mapezi na nyuma ya mdomo. Mshike mgongo chini unapotia la mgongoni, ili tone litulie mahali pake, na uligandishe hapohapo kwa ile LED, sekunde 30 hivi. Kisha mgeuze kwa pezi linalofuata. Usijaribu mapezi yote kwa mkupuo.

Sasa kijani. Ziba tundu la mdomoni kwa plastisini, ingiza mililita 5 kupitia tumboni, na uinamishe kichwa chini. Mzungushe polepole kwa mhimili wa mwili wake, ukitazama ukingo wa rangi unavyopanda kwenye shavu na ubavu. Ukingo huo usiuache utulie mahali pamoja, maana ukitulia huacha mstari. Uchezeshe mbele na nyuma kwa upana wa vidole viwili ili rangi ijifie yenyewe kuelekea katikati. Kisha mwaga yote unayoweza, umzibue mdomo, na umning'inize tundu chini juu ya kikombe kwa dakika 10 hadi 15. Joto letu linasaidia, kwani rezini kwenye nyuzi 30 hutiririka vizuri kuliko kwenye chumba cha baridi. Lile tone linaloning'inia kwenye mdomo wa tundu livute kwa ncha ya tishu. Ukiliacha, likiganda litatokea kama doa jeusi taa ikiwashwa.

Gandisha kwa LED ya ndani, ukianza na sehemu ya chini ambako rangi inataka kukusanyika. Mgeuze baada ya kila dakika moja. Koti likishashika, ndipo uiache taa imalize.

Buluu hufuata njia ileile kutoka mkiani, ikikutana na kijani katikati na kupandana nacho kidogo. Mshike mgongo juu ili buluu isifike kwenye mashina ya mapezi ya mgongoni. Baada ya hapo washa taa nyeupe ndani, mara moja, utazame. Kama mpito una kovu, koti jembamba zaidi la mchanganyiko wa rangi mbili, likipitishwa katikati tu, hulificha. Makoti mawili hafifu kila upande hunipa matokeo bora kuliko moja zito, kwa sababu zito hujikusanya tumboni na kuacha ubavu mtupu.

Koti la mwisho likiganda, jaza maji tena na umkomaze mara moja zaidi kutoka nje na ndani ili unato uondoke. Usisuuze kwa alkoholi, yaweza kutoa rangi. Kausha siku nzima mbele ya feni.

Nyeupe ya ndani, ambayo wengine hupenda kuiweka nyuma ya rangi zote, inafaa kwa pambo lisilo na taa. Rangi hupata nguvu mchana. Kwenye taa huua kila ulichokifanya.

Vanishi

Vanishi ya kupuliza haipatani na unyevu. Mwezi wa Mei, mvua ikiwa imeshamiri, hupata utando wa maziwa ikikauka. Ngoja siku kavu, na ukiwa na nafasi ya kuchagua, miezi ya kaskazi ndiyo mizuri. Asiyeweza kungoja afute nje kwa rezini angavu kidogo sana kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kisha agandishe ndani ya maji kama awali. Njia hii haisumbuliwi na masika.

Taa

Kwa samaki wa kijani na buluu tumia LED nyeupe ya baridi, ya kelvini 6000 hadi 6500. Ile ya joto, ya 2700, hufubaza buluu. Hiyo itumie kwenye maumbo mekundu na ya kaharabu. Nukta kali ya LED isionekane: isugue kwa msasa 400 au uifunge kwa kipande cha karatasi ya kuokea. Balbu ya waya kamwe, kwa kuwa rezini nyingi za kawaida huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 70, na kwa sababu hiyohiyo usimwache pono kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Muweke pia mbali na dirisha la magharibi, asije akageuka manjano.

Ukikosea rangi, wino wa alkoholi hutoka kwa kusuuzwa na alkoholi, na rangi ya kioo ya maji hulainika ikilowekwa kabla haijakomaa. Rezini ya rangi ikishaganda haitoki, kwa hivyo uamuzi wote ufanyike kwenye kipande cha majaribio.

Alkoholi na maji ya kuoshea usiyamwage mferejini wala chooni. Mitaro yetu hushuka baharini, na rezini mbichi ni sumu kwa viumbe wa majini, pono wa kweli akiwemo. Weka uchafu huo kwenye chupa angavu yenye kifuniko, uiache juani siku mbili tatu mpaka rezini igande na kutuama, kisha chuja kwa kitambaa. Alkoholi iliyochujwa hurudi kwenye chombo cha kwanza. Maji yaache yakauke juani kwenye beseni pana. Masalio, pamoja na vikombe, tishu na glavu, yakomaze juani kabla ya kuyaweka kwenye taka.